KUUA KWANZA, KUANGALIA BAADAYE: SAFARI YA SAMPULI YA VIRUSI

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, katika mkutano wa afya hapo Makupa, Mombasa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome na kuyajadili.)

Twajua wengine wenu mliondoka nyumbani alfajiri mkavuka feri ya Likoni, na wengine mmetoka Kilifi na Mariakani kwa matatu.

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo linaloonekana kuwa mbali nasi: jinsi sampuli yenye virusi inavyotayarishwa kwa usalama kabla ya kutiwa kwenye hadubini ya elektroni. Hadubini ni ile mashine ya kukuzia vitu vidogo, ambayo wengi wetu twaiita maikroskopu. Mzee mmoja hapa mbele amekwisha kunong'ona, "Hayo si ni ya madaktari? Sisi ni watu wa mbuzi na akiba." Mzee wetu, tuvumilie kidogo. Tutakuonyesha kuwa safari ya sampuli hiyo yaanzia mlangoni kwako.

Mama wa mahamri

Mwaka 2024, habari za ugonjwa wa Mpox zilipokuwa zikisikika redioni kila siku, mama mmoja wa kikundi tunachokifahamu alikuwa na mtoto aliyetoka malengelenge mwili mzima. Mama huyu huuza mahamri asubuhi, na ndiyo akiba yake na ada ya shule. Wakaja watu wawili wamevaa glavu, barakoa na mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni. Walimsugua mtoto lengelenge kwa kijiti chenye pamba, wakatia kijiti ndani ya chupa, chupa ndani ya kopo, kopo ndani ya kisanduku, wakaenda zao. Hawakukaa kueleza.

Jioni ile mtaa ulijaa maneno. Wengine walisema maji ya mwili wa mtoto yamepelekwa kuuzwa. Wengine wakasema ati kisanduku kile kikipinduka barabarani, Mombasa nzima itaugua. Kesho yake hakuna aliyenunua hata hamri moja. Majibu yalichelewa sana kumfikia. Yalipofika, mtoto alikuwa na tetekuwanga, ambayo karibu kila mmoja wetu hapa aliipata utotoni. Mtoto alipona, lakini wateja walichukua miezi kurudi.

Tulipoketi na kikundi kile tuliona kwamba hofu ya majirani ilikuwa na maswali mawili ya haki kabisa ndani yake. La kwanza: huko iendako, sampuli hufanyiwa nini? La pili: je, yaweza kututoroka ikatuletea maradhi? Maswali hayo hayakujibiwa na mtu, na penye swali lisilojibiwa uvumi hupata nyumba.

Na tuseme ukweli, sisi wenyewe pia tumewahi kukosea. Miaka ya nyuma mmoja wetu alitumwa na zahanati moja kupeleka makohozi ya mgonjwa kwenye maabara. Alipewa chupa imezungushiwa karatasi ya plastiki tu. Akaitia kikapuni pamoja na mkate, akapanda matatu. Alipofika, kifuniko kilikuwa kimelegea na mkate umelowa. Mkate aliutupa, lakini kikapu alikisuuza kwa maji matupu akaendelea nacho hadi sokoni. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Kwa hiyo tusiwacheke walioogopa kisanduku.

Kitu kidogo kupita macho

Mahali hapa tulipo panatufaa kuanzia. Malori yenye kontena kutoka bandari ya Kilindini hupita Makupa kutoka kisiwani, na tangu 2022 kuna daraja jipya, yakaenda zake Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo. Bidhaa husafiri, na maradhi nayo husafiri pamoja na watu. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Mpox nchini Kenya. Alitambuliwa kwenye mpaka wa Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mpox kuwa dharura ya dunia, na dharura hiyo ilidumu hadi Septemba 2025.

Mpox, ambayo zamani tuliiita homa ya nyani, husababishwa na kirusi. Kirusi chenyewe kina ukubwa gani? Chukua rula ya mtoto wa shule, uangalie nafasi ya milimita 1. Virusi vya Mpox kama 3,000 vyaweza kupangwa kwa urefu ndani ya nafasi hiyo. Na hivyo ni vikubwa miongoni mwa virusi! Vya polio ni vidogo mara kumi kuliko hivyo.

Hadubini ya kawaida, ile inayotumika kutazama vijidudu vya malaria katika zahanati zetu, hutumia mwanga. Mwanga una mwisho wake: kitu kikiwa kidogo mno hauwezi tena kutuonyesha umbo lake. Ndipo mwaka 1931 huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walipotengeneza hadubini ya kwanza inayotumia elektroni badala ya mwanga. Elektroni ni chembe ndogo za umeme. Kabla ya miaka kumi kupita, picha za kwanza za virusi zilikuwa zimepatikana. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Ndui au tetekuwanga?

Kwa watu wa pwani na pembe hii ya Afrika, mashine hii ina historia. Wazee hapa wanaikumbuka ndui. Ndui na tetekuwanga zote hutoa malengelenge, na hata daktari aweza kukosea. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Alipona, na baadaye akawa mtu wa kuhimiza chanjo ya polio nchini mwake hadi alipofariki mwaka 2013. Mapema mwaka huo wa 1977 ndui ilikuwa imeingia hata kwetu Kenya, upande wa Mandera.

Miaka ile vigaga na maji ya malengelenge yalichukuliwa kutoka vijijini yakapelekwa kwenye maabara zilizoshirikiana na Shirika la Afya Duniani, moja Atlanta, Marekani, na nyingine Moscow. Huko waliyatazama kwa hadubini ya elektroni. Tangu 1948 ilikuwa imejulikana kwamba kirusi cha ndui kina umbo kama tofali, na cha tetekuwanga ni cha mviringo. Ukiona tofali, ni hatari. Ukiona mviringo, mtu apumue. Tarehe 26 Oktoba 1979, pale Nairobi, ilitangazwa kwamba Pembe ya Afrika imesafika, na Mei 1980 dunia nzima.

Tusiisifu mashine kupita kiasi. Kirusi cha Mpox nacho ni tofali vilevile, hakitofautiki na cha ndui kwa macho. Lazima kipimo kingine kimalize kazi. Siku hizi kipimo kikuu cha Mpox ni PCR, kile tulichokizoea wakati wa korona.

Basi hadubini ya nini tena? Ni hivi: PCR ni kama kubisha hodi na kuuliza, "Juma yupo?" Ikiwa Juma hayupo, utajibiwa hayupo, lakini hutajua ni nani aliyemo ndani. Hadubini ya elektroni ni kuchungulia dirishani. Hata usiyemtarajia utamwona. Mwaka 2003 watu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliugua upele usioeleweka baada ya kuuziwa wanyama wa kufuga. Hakuna aliyewazia Mpox, maana ugonjwa huo ulikuwa haujawahi kuonekana nje ya Afrika kwa binadamu. Hadubini ikaonyesha tofali, na hapo ndipo walipojua watafute nini.

Mambo yaliyotufundisha kuogopa

Sasa twaja kwenye usalama. Sheria za maabara hazikuanguka kutoka mbinguni. Ziliandikwa baada ya watu kufa.

Mwaka 1967 nyani walisafirishwa kutoka Uganda hadi Ujerumani na Yugoslavia ili figo zao zitumike katika kazi za chanjo. Wafanyakazi waliowapasua wakaugua homa mbaya, na wengine wakawaambukiza waliowauguza. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Kirusi kile kilipewa jina la mji wa Marburg. Sampuli ziliuawa kwanza kwa fomalini, kisha zikatazamwa kwa hadubini ya elektroni huko Hamburg. Ndipo dunia ilipoona kwa mara ya kwanza virusi vilivyo kama uzi uliopinda.

Mwaka 1976 maradhi yalizuka Yambuku, nchini Zaire wakati huo, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Damu ya mgonjwa ilitiwa katika chupa mbili ndogo, zikawekwa ndani ya thamosi yenye barafu, thamosi ya kawaida ya chai, ikapandishwa ndege hadi Antwerp, Ubelgiji. Ilipofunguliwa, chupa moja ilikuwa imevunjika, na damu imechanganyika na maji ya barafu. Waliofungua, akiwemo daktari kijana Peter Piot, walikuwa na glavu tu. Ilikuwa Ebola, ambayo mwaka ule iliua watu 280 kati ya 318 waliougua nchini humo. Wale wa maabara walisalimika kwa bahati. Kwa jambo la namna hii, bahati si ya kutegemea.

Na mwaka 1978, baada ya ndui kwisha mitaani, mpiga picha wa chuo cha udaktari cha Birmingham, Uingereza, Janet Parker, aliipata ndui. Alifanya kazi ghorofa ya juu ya maabara iliyokuwa na virusi hivyo. Maji ya lengelenge lake yalipotazamwa kwa hadubini ya elektroni, tofali likaonekana. Alifariki tarehe 11 Septemba 1978, mtu wa mwisho kujulikana kufa kwa ndui duniani. Jinsi virusi vilivyomfikia, watu wabishana hadi leo. Lakini vilikuwa vya maabara ile, na hilo latosha kutufundisha.

Sampuli hutayarishwaje?

Sasa tufuate kile kijiti cha yule mtoto, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni nyumbani. Anayechukua sampuli avae glavu na barakoa, na mgonjwa aambiwe kinachofanyika. Kijiti kikiisha kutumika hutiwa chupani papo hapo, chupa ikafungwa na kuandikwa jina au namba na tarehe. Chupa isiyo na maandishi ni hatari mara mbili: haimsaidii mgonjwa, na ajaye hajui ameshika nini.

Hatua ya pili ni kufunga. Mliona chupa ndani ya kopo, kopo ndani ya kisanduku? Hayo si maringo. Chupa ya ndani haivuji. Kuizunguka hutiwa pamba ya kutosha kunyonya maji yote kama ikivunjika. Kopo la pili nalo halivuji. Kisanduku cha nje ni kigumu, cha kuhimili kuanguka. Karatasi za maelezo huwekwa nje ya kopo, ili msomaji asishike kitu kilicholowa. Kwa hiyo kisanduku kikianguka pale raundabauti ya Makupa, kimetengenezwa kwa ajili ya siku hiyo hasa. Lau mmoja wetu angepewa kopo na kisanduku siku ile ya mkate!

Hatua ya tatu ni maabara. Kifurushi hufunguliwa ndani ya kabati maalumu la usalama. Kabati hili huvuta hewa kwa ndani na kuichuja, ili tone likiruka lisimfikie usoni anayefanya kazi. Hapo sampuli hugawanywa. Sehemu moja huachiwa vipimo kama PCR, kwa maana dawa ya kuulia virusi yaweza kuviharibu vipimo hivyo. Sehemu ya pili ndiyo ya hadubini.

Hatua ya nne ndiyo moyo wa maneno yetu: kuua. Mashine ya kutazamia haihitaji virusi vilivyo hai. Umbo la kirusi kilichokufa likitunzwa vizuri ni lilelile. Kwa hiyo sampuli huchanganywa na dawa kama fomalini au glutaraldehaidi. Dawa hizi hukamatanisha sehemu za kirusi zikawa ngumu, kikafa bila kupoteza umbo.

Kuna mitego hapa. Mtego wa kwanza ni unene. Kina mama wa papa wa ng'onda mwajua: papa mnene asipopasuliwa, chumvi haiingii ndani, na katikati huoza. Kigaga nacho ni hivyo. Kikiwa kikubwa, dawa huua vya nje na kuacha vya katikati. Lazima kikatwe vipande vidogo sana au kisagwe kwenye maji, ndani ya kabati. Mtego wa pili ni kifuniko. Tone lililonata chini ya kifuniko halikuguswa na dawa. Kwa hiyo chupa hugeuzwa-geuzwa dawa ifike kila mahali, na katika maabara za virusi vikali sampuli huhamishiwa chupa nyingine safi kabla ya kutolewa. Mtego wa tatu ni haraka. Dawa yataka muda wake, na muda huo hutegemea kirusi, kipimo cha dawa na joto. Maabara nzuri haidhani tu kwamba virusi vimekufa. Hujaribu kwanza njia yake: huchukua sampuli iliyotiwa dawa, ikaiondoa dawa ile, kisha ikaweka sampuli kwenye seli hai na kungoja kuona kama chochote kitaota. Kisipoota, njia imethibitika.

Na dawa zenyewe ni sumu. Fomalini yachoma macho na kifua. Glavu na kabati la kuvuta mvuke zahitajika hata baada ya virusi kufa.

Hatua ya tano ni kuweka kwenye wavu. Kuna kisahani cha shaba chenye matundu kama wavu wa samaki, upana wake milimita 3 tu, mdogo kuliko kifungo cha shati. Juu yake kuna utando mwembamba sana. Tone la sampuli huwekwa hapo kwa kitambo kidogo, kisha maji yaliyobaki hunyonywa kwa karatasi. Hushikwa kwa kibano, kamwe si kwa vidole.

Hatua ya sita ni rangi. Kirusi peke yake hakionekani vizuri. Kwa hiyo hutiwa tone la chumvi ya madini mazito, na ziada hunyonywa tena. Rangi hii haipaki kirusi, hukizunguka. Fikirini mpambaji wa hina anapopaka piko pembezoni mwa ua, ngozi ya katikati ikaachwa tupu. Ua laonekana jeupe kwa sababu kando yake ni peusi. Ndivyo tofali la Mpox linavyojitokeza. Njia hii iliandikwa mwaka 1959 na Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Robert Horne, na yatumika hadi leo. Tangu tone hadi picha, yaweza kuchukua chini ya saa moja, ukiondoa muda wa kuua.

Hapa kuna kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Wengine hudhani kwamba rangi ile, au kukauka, au ule utupu usio na hewa ndani ya mashine, vitaua virusi. Visitegemewe! Virusi vya jamii ya ndui hasa ni vigumu kufa, na ndani ya kigaga kilichokauka vyaweza kuishi muda mrefu. Kama hukuua mwanzoni, unachokishika kwenye kibano bado ni hatari. Ndiyo maana twasema: kuua kwanza, kuangalia baadaye.

Hatua ya mwisho ni kusafisha. Glavu, karatasi na vijiti vilivyotumika hutiwa dawa au kuchemshwa kwa mvuke wa nguvu, ndipo vichomwe. Meza hupanguswa, na mikono huoshwa kwa sabuni. Oktoba 1976 Frederick Murphy, aliyepiga picha mashuhuri ya kirusi cha Ebola huko Atlanta, alipoona kilichomo ndani ya mashine jambo moja aliloharakia lilikuwa kurudi kusafisha mahali alipotayarishia sampuli.

Msidhani kazi hii ni ya watu waliozaliwa na vyeo. June Almeida, mwanamke wa Glasgow, binti wa dereva wa basi, aliacha shule akiwa na miaka 16 akaanza kazi maabara. Ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wa kwanza kuvionyesha virusi vya korona kwa hadubini hii, miaka ya 1960. Alisifika kwa mikono yake mitulivu katika kutayarisha sampuli. Mwenye binti anayependa kazi ya mikono iliyo safi na ya uvumilivu, amweleze habari hii.

Kikundi chaweza kufanya nini?

Mzee wetu wa mbuzi, sasa tumerudi kwako. Hadubini iko mbali, lakini mnyororo ni mmoja, na pete yake ya kwanza iko kijijini.

Moja, msichukue sampuli wenyewe. Msitumbue lengelenge, msibandue kigaga mkakitia kwenye karatasi kumpelekea daktari. Mwiteni mhudumu wa afya wa jamii, yeye ajue la kufanya.

Mbili, mgonjwa wa malengelenge apumzike mahali pake, na shuka, taulo na nguo zake zisitumiwe na wengine. Anayefua avae glavu, wala asikung'ute shuka kavu, kwa kuwa vigaga hudondoka. Afue kwa maji ya moto na sabuni.

Tatu, ulizeni. Mtu akija kuchukua sampuli nyumbani kwenu, mna haki ya kujua mambo manne: yeye ni nani, anachukua nini, yapelekwa wapi, na majibu yatakuja lini na kwa njia gani. Kikundi kiandike majibu hayo kwenye daftari, na katibu afuatilie siku ikifika. Yule mama angekuwa na daftari hilo na jirani mmoja wa kumsindikiza, huenda mahamri yasingelala.

Nne, mkimwona mtu anabeba sampuli kwa mfuko mtupu, kama tulivyofanya sisi, msinyamaze. Mzuieni kwa heshima, mwambieni atafute kopo na kisanduku.

Tano, linda jina la mgonjwa. Majibu ni yake. Anayeogopa kutengwa atajificha, na aliyejificha hapimwi wala hatibiwi, na wa nyumbani mwake ndio wa kwanza kuumia.

Yule mama bado anauza mahamri. Tulimwomba ruhusa ya kuisimulia habari yake, akakubali kwa sharti moja: tuseme kwamba wale watu wa mavazi meupe wakija tena, waketi kwanza dakika tano wanywe chai na kueleza. Tumelisema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, mtaani kwenu mtu amewahi kutengwa kwa sababu ya sampuli iliyochukuliwa, kabla majibu hayajaja? Kikundi kilifanya nini?

2. Ni nani mhudumu wa afya wa jamii aliye karibu nanyi, na namba yake ya simu iko kwa nani?

3. Kwa nini kukauka hakutoshi kuua virusi vilivyomo kwenye kigaga? Mwelezeni mtu ambaye hakusoma ukurasa huu.

4. Kikundi chenu chaweza kununua glavu na sabuni kiasi gani, na zitakaa kwa nani ili zipatikane hata usiku?